Kununua saa ya kifahari duka rasmi Dubai: mwongozo kamili, na lini inalipa

Wakuu, swali la saa linarudi kila msimu watu wakianza safari za Dubai kufata mzigo. Mtu ana hela yake kajipanga, anataka Rolex au Omega ya ukweli, anaingia duka rasmi anatoka mikono mitupu, au anatoka na saa ambayo hata hakuiendea, au kaipata ile ile anayoitaka ila kodi yake kaiacha uwanja wa ndege na kadi ya waranti haina tarehe. Makosa ni yale yale tu, kwahiyo leo tunaenda hatua kwa hatua.

Nimetumia Dubai maana ndo wengi wetu tunapopita. Ukiwa Muscat, Geneva au Paris mambo ni hayo hayo, kinachobadilika ni kodi. Ila London jua kabisa kwamba tangu January 2021 mgeni anayenunua dukani na kuondoka na mzigo wake harudishiwi VAT, hapo hesabu yako inakuwa nyingine kabisa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Namba ya modeli, sio jina tu. Omega Speedmaster Moonwatch ya chuma ziko mbili zinazofanana ukiziangalia kwa mbali: 310.30.42.50.01.001 ina kioo cha plastiki ngumu, na inayoishia 002 ina kioo cha yakuti na bei yake imesimama zaidi. Kwa Rolex, Submariner 124060 haina tarehe na 126610LN ina tarehe. Ukimwambia muuzaji "nataka Submariner" bado hujasema kitu.
- Bei rasmi ya Emirates, ipate kwenye tovuti ya kampuni yenyewe ukiwa umechagua nchi hiyo. Ipige picha uihifadhi.
- Bei ya saa hiyo hiyo kwa wauzaji wa pembeni, yaani wale wanaouza saa orijino ila hawana mkataba na kampuni. Chrono24, soko la saa mtandaoni, inakupa picha nzuri ya bei.
- Kipimo cha mkono wako. Chukua uzi, zungusha, upime kwenye rula.
- Pasipoti yenyewe. Picha kwenye simu haikusaidii kwenye kodi.
- Kadi ya benki iliyopandishwa kiwango. Piga simu benki siku chache kabla, waambie utalipa kiasi gani na nchi gani, la sivyo kadi itagoma ukiwa kaunta na mashine ya pili itagoma vile vile.
- Namba ya WhatsApp inayopatikana ukiwa safarini. Duka likipata saa yako halitakusubiri wiki.
- Hela ya ushuru wa nyumbani, iwe pembeni. Nitaieleza mbele.

## Hatua ya 1: Jua saa yako iko kundi gani

Hii ndo hatua wengi wanairuka na ndo inayojibu swali la kama duka rasmi linalipa.

Kundi la foleni. Rolex Daytona, GMT-Master II, Submariner, Audemars Piguet Royal Oak, Patek Philippe Nautilus na Aquanaut. Hizi zinatengenezwa chache kuliko wanaozitaka, kwahiyo bei ya mtaani mara nyingi iko juu ya bei ya dukani. Hapa ukiuziwa na duka rasmi umeshinda, hakuna mjadala. Shida ni kuuziwa.

Kundi la kabatini. Omega nyingi, Breitling, IWC, TAG Heuer, Longines, Panerai. Unaingia, unaona, unalipa, unaondoka nayo. Sasa ubaya wake ni kwamba ukitoka tu mlangoni thamani inashuka, na muuzaji wa pembeni anaweza kukupa ile ile mpya kwa bei pungufu kabisa.

Kundi la katikati. Tudor Black Bay, Cartier Santos na Tank, Rolex Datejust na Oyster Perpetual za rangi za kawaida. Hizi zinategemea rangi, saizi na mwezi, angalia bei mwenyewe.

Na msikubali mtu awaambie saa za kundi la kwanza ni uwekezaji usiopoteza. Bei za mtaani zilipaa mpaka mwanzoni mwa 2022 kisha zikaporomoka, walionunua kwa wauzaji wa pembeni pale juu kabisa wakabaki na saa nzuri mkononi na hela pungufu kitabuni. Aliyenunua dukani kwa bei rasmi wala hakuumia sana.

*Umefaulu hatua hii ukiwa na bei mbili kwenye karatasi moja: ya duka rasmi na ya pembeni, za namba ile ile ya modeli.*

## Hatua ya 2: Piga hesabu mpaka mwisho

Tuchukue mfano wa saa ya kundi la kabatini. Bei rasmi dirham 30,000, muuzaji wa pembeni anataka 24,000. Hizi namba ni za mfano, weka zako.

Bei ya rafuni Dubai ina VAT ya asilimia 5 ndani yake tayari. Kwenye 30,000, VAT ni dirham 1,428 na senti. Mgeni harudishiwi yote, tuseme anapata asilimia 85 ya hiyo kisha wanakata ada ya dirham 4.80, kwahiyo mkononi inarudi kama dirham 1,209. Saa imekugharimu 28,791. Tofauti na wa pembeni ni dirham 4,791, na kwa kuwa dirham imefungwa kwenye dola kwa 3.6725, hiyo ni kama dola 1,300. Muulize na wa pembeni kama duka lake limejiunga na mpango wa kurudisha kodi kwa watalii, akiwa nao tofauti inazidi kuwa kubwa.

Sasa hiyo dola 1,300 inanunua nini? Inanunua waranti ya kiwanda inayoanza siku uliyolipa. Rolex, Omega na Tudor wanatoa miaka 5. Cartier, IWC na Jaeger-LeCoultre wanaanza na miaka 2 ila ukiisajili saa kwenye mfumo wao inaweza kufika 8. Patek miaka 2. Inanunua pia uhakika kwamba hakuna kipande kilichobadilishwa ndani. Kwa wa pembeni kadi ya kiwanda inaweza kuwepo, ila ilishaandikwa tarehe na dila wa kwanza, kwahiyo waranti inahesabu tangu siku hiyo hata kama saa ilikaa kabatini mwaka mzima. Wengine wanakupa waranti ya duka lao wenyewe, yaani saa ikiharibika ukiwa Mwanza unaituma Deira kwa gharama yako.

Mtazamo wangu: kama ni saa yako ya kwanza ya bei hii, na ni kronografu (saa yenye kipima muda cha kuanzisha na kusimamisha) yenye vyuma vingi ndani ambayo huduma moja kiwandani inakula mamia ya dola, lipa duka rasmi ulale. Kama umeshanunua saa kadhaa na unajua kuikagua, ile dola 1,300 ni hela yako.

Kuna njia ya katikati watu hawaijui. Butiki ya kampuni yenyewe na wakala rasmi anayeuza kampuni nyingi chini ya paa moja ni vitu viwili tofauti, japo waranti ni ile ile. Butiki ya kampuni kwa kawaida haipunguzi hata dirham. Wakala rasmi wa Longines au TAG Heuer au Breitling ana nafasi, muulize kwa adabu "bei yako ya mwisho kwa malipo ya leo ni ngapi?" alafu nyamaza. Kwa Rolex usijisumbue kuuliza.

Ushuru wa nyumbani unakupiga sawa tu popote uliponunua, kwahiyo haubadilishi duka gani uchague. Unabadilisha kama ununue kabisa au la. Uweke kwenye hesabu leo, usije kuuwekea ukiwa kwenye foleni ya forodha.

## Hatua ya 3: Hakikisha duka ni rasmi kweli

Neno butiki kwenye bango halina ulinzi wowote, mtu yeyote anaweza kuliandika. Ingia tovuti ya kampuni, sehemu ya kutafuta maduka, chagua Emirates, utaona orodha yenye jina la duka, jengo na ramani. Rolex kwa Dubai kwa mfano inauzwa na Ahmed Seddiqi, sasa mtu akikuambia yeye ni wakala rasmi wa Rolex pale nyuma ya Gold Souk na orodha haimtaji, mwachie.

Tahadhari: yule jamaa wa Karama au Deira anayekufata barabarani "my friend, watch, watch", alafu anakupandisha ghorofani kwenye chumba kisicho na bango, huyo anauza kopi. Kopi za siku hizi ni nzuri mno, uzito upo, mshale unateleza, boksi lipo, kadi ipo. Usijiaminishe kwamba jicho lako litaitambua.

*Umefaulu kama jina, jengo na tawi vinafanana na tovuti ya kampuni.*

## Hatua ya 4: Ongea na muuzaji kama mnunuzi, sio kama dalali

Kwa saa za kabatini hatua hii ni fupi: ingia, taja namba ya modeli, jaribu, amua. Waliobaki, yaani wa kundi la foleni, kaeni hapa.

Ukiingia duka la Rolex utaona kabati zimejaa, moyo unafurahi, alafu unaona kikaratasi kidogo kinasema saa hizo ni za maonyesho tu. Hawakudanganyi kwa chuki. Wanaweka ili watu wajaribu mkononi, na zile za kuuza zinaenda kwa walioandikishwa. Nani anapewa? Duka linaangalia nani anaishi hapo, nani ameshanunua kwao na nani ataivaa badala ya kuiuza kesho yake. Mgeni wa siku nne kutoka Dar yuko mwisho wa hiyo foleni, tuambiane ukweli. Ndugu zetu wanaoishi Muscat, Doha au hapo hapo Dubai wana nafasi kubwa zaidi kwasababu wanaweza kurudi dukani miezi na miezi.

Fanya hivi:

1. Nenda asubuhi katikati ya wiki. Ijumaa jioni Dubai Mall muuzaji hana muda wa kukujua.
2. Taja saa moja, mbili mwisho, na useme kwanini. "Natimiza miaka 40, nataka Submariner isiyo na tarehe, nitaivaa kazini." Ukitaja Daytona, Pepsi (GMT-Master II ya ringi nyekundu na bluu) na Submariner kwa pumzi moja unasikika kama mfanyabiashara wa kuuza tena, na hapo jina lako halisogei.
3. Omba uandikishwe. Watachukua jina, simu, pengine na namba ya pasipoti.
4. Chukua kadi ya muuzaji, mtumie ujumbe wa shukrani siku hiyo hiyo ili namba yako ibaki kwake. Baada ya hapo mkumbushe kila baada ya muda wa maana, usimsumbue kila Jumatatu.
5. Kuwa tayari na saa ya pili. Datejust au Oyster Perpetual inaweza kuwepo siku hiyo hiyo.

Hapo kwenye saa ya pili pana mtego. Kuna maduka, sio Dubai tu, yanakuelekeza ununue kwanza kidani au saa ya dhahabu ya kike ili "historia yako ikue". Kama ulitaka kumnunulia shemeji yetu kidani, sawa, umeua ndege wawili. Kama hukutaka, bei ya hicho kidani ijumlishe kwenye bei ya saa, alafu linganisha tena na ya muuzaji wa pembeni. Mara nyingi utakuta wa pembeni ni nafuu na anakupa leo.

Na mtu yeyote ndani au nje ya duka akikuomba hela ya pembeni ili jina lako lipande, ondoka. Hakuna risiti ya hiyo hela na hutaidai kokote.

*Umefaulu kama una jina la muuzaji, yeye ana lako kwenye mfumo, na hujalipa kitu.*

## Hatua ya 5: Ikague kabla kadi haijagusa mashine

Muuzaji ataleta trei yenye kitambaa laini, pengine na glavu na kikombe cha kahawa. Kunywa kahawa, ila usiharakishwe. Hata saa mpya ya kiwandani inaweza kuwa na dosari, na ukishaondoka ukarudi na mkwaruzo hakuna atakayekuamini.

Iinamishe kwenye taa uangalie kingo za chuma, upande kwa upande, kisha nyuma na kwenye kifungio cha mkanda. Mikwaruzo midogo kwenye kifungio inamaanisha saa ilishajaribiwa na watu wengi. Omba nyingine kutoka stoo, ni haki yako.

Vuta kile kitufe cha pembeni cha kutegea saa, zungusha mishale mpaka ipite saa sita usiku. Kama ina tarehe lazima iruke safi, isikwame nusu huku nusu kule. Kwa saa ya kuzama majini kitufe kinafungwa kwa kuzungusha kama kifuniko cha chupa: kifungue na kukifunga mara kadhaa, kiingie laini bila kukwaruza. Zungusha na ile ringi ya juu, kila mlio ukisimama alama ikae sawa na dakika yake.

Kronografu kama Speedmaster ina kipimo chake. Bonyeza kitufe cha juu ianze, acha mshale mrefu wa katikati uzunguke dakika nzima uone kile kimshale kidogo cha dakika kimesogea, simamisha, alafu bonyeza cha chini. Mshale mrefu lazima urudi na kutua pale pale kwenye 12. Ukitua pembeni hata kwa upana wa unywele, irudishe. Watu wanaliona hili wakiwa hotelini na kuanzia hapo hawaoni kitu kingine kwenye saa yao.

Mwisho wa ukaguzi, mkanda. Watapunguza vipande mpaka ukae vizuri. Usikaze sana, Dubai ndani ya mall ni baridi na mkono wako Tanga utavimba kwa joto. Vipande vilivyotolewa vidai na uvihesabu, viwekwe kwenye boksi. Mkanda usiotimia unashusha bei ukija kuuza, na kununua kipande kimoja kimoja ni ghali.

## Hatua ya 6: Karatasi na malipo

Soma namba ya saa tarakimu kwa tarakimu, ya kwenye chuma dhidi ya ya kwenye kadi ya waranti. Kwa Rolex za sasa iko kwenye ringi ya ndani chini ya kioo, upande wa 6. Omba lenzi kama macho yanagoma. Kadi iwe na tarehe ya leo. Risiti iwe na jina lako, namba ya saa na VAT imeandikwa wazi.

Kabla hawajafunga mauzo sema wewe ni mtalii na unataka kurudishiwa kodi. Watachukua taarifa za pasipoti na kukuunganishia kwenye mfumo wa Planet, kampuni inayoshughulikia kurudisha kodi kwa watalii. Ukisahau hapa, uwanja wa ndege hawawezi kukusaidia.

Mashine ikikuuliza ulipe kwa dirham au kwa shilingi, chagua dirham. Ile ya shilingi inaonekana rafiki ila wanakubadilishia kwa kiwango chao na unapoteza bila kujua.

Duka likikuomba stika za plastiki zitolewe hapo hapo na uivae, kubali. Wanajikinga na wauzaji tena, na kama kweli ni ya kuvaa haikupunguzii kitu.

## Hatua ya 7: Uwanja wa ndege, kuondoka

Fika mapema kuliko kawaida yako. Nenda kwenye mashine au kaunta za Planet kabla ya kukabidhi mabegi, na saa uwe nayo mwilini au kwenye begi la mkononi, maana wanaweza kutaka kuiona. Una siku 90 tangu kununua. Ukipita bila kuthibitisha hapo, ukiunganisha ndege Addis au Doha hakuna wa kukufanyia.

Hela inarudi kwenye kadi au taslimu, kwa kiasi kikubwa kadi ni salama zaidi. Umefaulu ukiwa na karatasi au ujumbe unaosema imethibitishwa.

Saa isiingie kwenye begi la mzigo hata siku moja.

## Hatua ya 8: Kuingia nyumbani

Kuna kiwango cha thamani ambacho msafiri anasamehewa, na saa ya bei hii inakivuka. Kuna ushuru wa forodha, kisha VAT inahesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru, asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya. Uliza TRA au KRA kiwango cha wakati huo kabla ya kusafiri, na upite njia ya wenye kutangaza mzigo.

Najua wapo watakaosema "vaa tu upite". Ukikamatwa unalipa na faini juu, saa inaweza kuzuiwa. Na wale wa kumwomba muuzaji risiti ya bei ya uongo: siku ya bima au siku ya wizi risiti hiyo ndo itakayotumika dhidi yako.

Unayesafiri ukiwa umevaa saa ya zamani ya ghali, beba nakala ya risiti yake, usije kutozwa kwa kitu ulichoondoka nacho.

## Hatua ya 9: Mwezi wa kwanza

Itege sawa na saa ya simu, andika, kisha angalia baada ya siku saba. Rolex wanaahidi isizidi sekunde 2 mbele au nyuma kwa siku. Omega zenye cheti cha Master Chronometer ni kati ya 0 na 5 mbele. Saa zenye cheti cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa, ni 4 nyuma mpaka 6 mbele. Ikitoka nje ya hapo kwa wiki nzima tuma ujumbe dukani mapema, usingoje mwaka wa nne.

Usimpe fundi wa mtaani aifungue hata kwa nia njema ya "kuipulizia vumbi", ikifunguliwa nje ya mfumo wao waranti inaweza kukataliwa.

Sajili Cartier, IWC au Jaeger-LeCoultre yako wiki hiyo hiyo ili upate ile miaka ya ziada. Piga picha kadi mbele na nyuma, risiti na namba ya saa, jitumie kwa barua pepe. Alafu boksi na kadi viweke sehemu tofauti na saa inapolala, ili mwizi akibeba saa asiondoke na karatasi zake zote, na wewe ubaki na namba ya kupeleka polisi na kwenye rejista za saa zilizoibwa kama The Watch Register.